Kalenda ya Hela ya Mpangaji: Hotuba kwa Wenye Nyumba wa Mtwara

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, shikamooni. Na ninyi wa rika letu, habari za asubuhi. Tunawaona wa Chikongola, Ligula, Magomeni, Chuno na Shangani, na tunawashukuru kipekee mliopanda gari kutoka Mikindani.

Tumeombwa tuzungumzie namna ya kumpata mpangaji wa kuaminika. Kazi yetu ni kusimamia nyumba za kupanga, kwa hiyo mahubiri tutawaachia wenyewe. Sisi tutawaeleza tunaangalia nini, tunaanza na lipi, na kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu akisema "huyu mwaminifu", mara nyingi anamaanisha ana adabu, ibada yake haimpiti, na anaamkia wakubwa. Hayo ni mazuri kwa jirani. Mwenye nyumba anataka mambo mengine: kodi iingie siku yake, nyumba irudi kama ilivyotoka, na mwenyekiti wa mtaa asikupigie simu saa nane za usiku. Adabu peke yake haijibu hata moja kati ya hayo. Wako watu wapole kabisa wanaoshindwa kulipa kila mwaka mwezi wa sita, na ukifuatilia unakuta hawana ubaya wowote. Umemtaka hela mwezi ambao hela yake haipo.

Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa mtu anayetaka nyumba si "unafanya kazi gani". Tunamuuliza: hela yako inaingia lini?

Sisi watu wa Kusini tunalijua hili kuliko wengi. Minada ya korosho huanza mwezi wa kumi, hela inapita kwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kuingia kwenye akaunti ya mkulima, na kufika mwezi wa kwanza sehemu kubwa ya msimu imekwisha. Kutoka hapo mpaka mnada mwingine, mkulima anatoa tu: palizi, salfa, vibarua wa kupulizia, mafuta ya pampu. Mtu wa namna hiyo ukimpangisha kwa laki moja kila mwezi, Novemba atakulipa akicheka, Februari atalipa, Mei ataanza kupita njia ya nyuma. Mwandikie mkataba wa Desemba hadi Desemba, milioni moja na laki mbili kwa mkupuo wakati hela ipo, na utakuwa na mpangaji bora mtaa mzima. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni tarehe.

Sasa mgeuzie mwenye genge au dereva wa bodaboda mkataba huohuo. Yeye anashika hela kila jioni, ila hazikai. Ukimdai kodi ya miezi sita kwa mpigo, ataikopa kwa riba, na kuanzia siku anaingia atakuwa analipa deni badala ya kujiandaa na kodi inayofuata. Huyu mpangishe kwa mwezi. Akiomba akutumie kwa simu kila wiki, mkubalie. Kodi ya 80,000 ni 20,000 kwa wiki nne, na 20,000 anayo.

Mvuvi naye ana miezi yake. Kusi likikaza, bahari inachafuka na vyombo vidogo vinashinda ufukweni. Usimwandikie tarehe ya kulipa kodi kubwa katikati ya kusi halafu ukashangaa.

Mwanafunzi wa chuo, awe Stella Maris au TIA, hela yake ni boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, na boom huingia kwa awamu, haiji kila mwisho wa mwezi. Tena si wote wana mkopo. Tunachofanya kwa wanafunzi ni mambo mawili. La kwanza, mkataba unasainiwa pia na mzazi au mlezi kama mdhamini, na tunampigia simu huyo mzazi, hatuishii kwenye saini. La pili, wakija watatu au wanne kuchukua nyumba nzima, kila mmoja anasaini kwamba anawajibika kwa deni lote, si robo yake tu. Hapa ndipo wengi huumia: mmoja anaacha chuo au anagombana na wenzake, anahama, na waliobaki wanakuambia "sisi letu tumelipa". Kumbukeni pia kwamba chuo kikifunga, nyumba hizi hukaa tupu. Hesabu kodi yako kwa miezi tisa au kumi, usiihesabu kwa kumi na miwili.

Mtumishi wa umma tunampenda wote, na ndiyo maana wengi hawamchunguzi. Mshahara unaingia, ni kweli. Lakini muombe akuonyeshe hati yake ya mshahara, na ukiishika usisome mstari wa juu, soma wa chini. Tuchukue mfano. Juu pameandikwa 950,000. Kodi ya serikali, mfuko wa jamii, bima ya afya, mkopo wa benki na marejesho ya mkopo wa chuo vimepita hapo katikati, na chini zimebaki 410,000. Hiyo 410,000 ndiyo inayokula, inavaa, inasomesha na kulipa nyumba. Kipimo chetu ni kwamba kodi isizidi theluthi ya kinachobaki mkononi. Theluthi ya 410,000 ni kama 137,000. Huyu ukimpa nyumba ya 200,000, miezi mitatu ya kwanza atajikaza, wa nne atakuomba umvumilie. Mkatalie hiyo na umwonyeshe chumba na sebule ya 120,000 kama unayo. Mtumishi pia huhamishwa, kwa hiyo mkataba useme wazi: akipata barua ya uhamisho, anatoa notisi ya mwezi mmoja pamoja na nakala ya barua, na kodi aliyolipia mbele inarudishwa kwa miezi ambayo hataikaa. Wenye nyumba wengi hawalipendi hili la kurudisha. Sisi tunalipenda, kwa sababu mtu anayejua atarudishiwa chake haondoki usiku na vitasa vyako.

Halafu kuna makampuni. Miaka ile ya gesi, 2012 na 2013, baadhi yetu tuliweka marumaru, tukafunga viyoyozi, tukapandisha kodi, tukasubiri wageni. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015 na waliokuja kulijenga wakaenda zao, kama mafundi wote wa mradi wanavyokwenda. Kampuni ni mpangaji mzuri mradi ujue mambo matatu. Imesajiliwa? Jina lake litafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili makampuni, upo wazi mtandaoni. Anayesaini ana barua ya kampuni inayomruhusu kusaini, au ni msimamizi wa mradi tu aliyechoka kulala gesti? Na mkataba wao wa kazi hapa Mtwara unaisha lini? Kama wa kazi unaisha mwezi wa nane, wa nyumba usiandikwe hadi Desemba kwa matumaini. Msishangae pia kampuni ikikata asilimia 10 ya kodi kabla ya kukulipa. Hiyo ni kodi ya zuio, inapelekwa TRA, na unachopaswa kudai ni cheti chake. Ukikutana na mwenye nyumba anagombana na mhasibu kuhusu hiyo asilimia 10, ujue hakuambiwa mapema.

Tukishajua hela inaingia lini, tunataka kuiona. Maneno matupu hatuyachukui, na picha ya skrini iliyotumwa WhatsApp hatuichukui pia, maana picha hurekebishwa. Tunakaa naye, anafungua simu yake mwenyewe, anatuonyesha miamala ya miezi mitatu. Hatutafuti salio kubwa. Salio kubwa linaweza kuwa la kuazima, limeingia jana. Tunatafuta mwendo: hela ikiingia, inaisha siku ngapi? Mtu anayeingiza laki tatu kidogokidogo na kubakiza 50,000 kila mwezi ni bora kuliko anayeingiza milioni na kufika tarehe kumi yuko sifuri.

Kitambulisho. Hapa tuangalie kwa karibu kidogo, maana watu wengi wanapiga kopi tu bila kusoma. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1991, namba yake huanza na 19910304. Linganisha na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, halafu linganisha na sura iliyokaa mbele yako. Kisha fanya jaribio dogo la simu: anza kumtumia shilingi 500 kwa namba aliyokupa. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la aliyesajili laini hutokea. Kama kadi inasema hivi na laini inasema vingine, muulize palepale. Mara nyingi kuna maelezo: laini ya mke, ya ndugu. Sawa, lakini basi akupe na yake. Mtu asiye na laini hata moja kwa jina lake siku za leo anahitaji maelezo marefu kidogo.

Na kopi ya kitambulisho ukishaichukua, ni amana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kopi za waombaji ambao hukuwapa nyumba warudishie au zichane. Tumeona nakala za vitambulisho vya watu zikifungia maandazi. Si utani.

Sasa simu ya mwenye nyumba wa zamani. Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote na inachukua dakika tano, na ndiyo wengi mnaiona ni kumchimba mtu. Kuna namna ya kuipiga. Ukiuliza "alikuwa mtu mzuri?" utajibiwa "mzuri tu, hana tatizo", maana nani anataka kumharibia mtu? Uliza vitu vyenye namba. Alikuwa analipa shilingi ngapi? Alilipa mara ya mwisho mwezi gani? Aliingia lini, ametoka lini? Bili ya maji alikuachia kiasi gani? Walikuwa wanaishi watu wangapi? Mwisho uliza hili moja: angerudi leo, ungempa tena chumba? Sikiliza ukimya kabla ya jibu kuliko jibu lenyewe.

Wapo wanaokupa namba ya rafiki ajifanye mwenye nyumba. Dawa yake ni kusema jambo la uongo kidogo. Mpangaji amekuambia alikuwa Chuno, chumba kimoja. Wewe kwenye simu sema: "Nasikia alikuwa kwenye ile nyumba yako ya vyumba vitatu Magomeni." Mwenye nyumba halisi atakurekebisha hapohapo, tena kwa ukali, maana mtu na nyumba yake. Rafiki atasema "ndiyo, ndiyo". Jambo lingine: mwenye nyumba wa sasa anaweza kumsifu sana mtu anayetaka kuondokewa naye. Ikiwezekana mpate na yule wa kabla yake. Yeye hana cha kupoteza.

Kama mtu ndiyo kwanza anaanza maisha, hajawahi kupanga, usimkatae kwa sababu hana historia. Mdhamini mmoja anayejulikana mtaani, mwenye kazi au nyumba, anatosha.

Barua ya serikali ya mtaa anakotoka ni ya lazima kwetu, na akihamia tunampeleka kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa anakohamia ndani ya wiki ya kwanza. Siku ikitokea kutoelewana, mwenyekiti atakuwa anamjua, na mpangaji mwenyewe akijua anajulikana hukaa kwa utulivu.

Kuhusu dalali tuseme ukweli bila kumvunjia mtu heshima, maana wengine mko humu. Dalali wetu hulipwa kodi ya mwezi mmoja mlango ukifunguka. Mpangaji akiharibikiwa baada ya miezi minne, mlango unafunguka tena, na dalali analipwa tena. Si mtu mbaya, ndivyo malipo yalivyopangwa. Kwa hiyo dalali akuletee watu, lakini asikuchagulie. Neno "huyu namfahamu mimi" lisichukue nafasi ya simu ya dakika tano. Tunapokubaliana na dalali sisi wenyewe, tunampa nusu mtu akiingia na nusu baada ya miezi mitatu ya kodi safi. Wengine wanakataa. Wanaokubali huanza kuleta watu wa aina nyingine kabisa.

Kuna mtu mmoja wa kuogopa ambaye wengi mnamwona ni baraka: anayekuja jioni, haangalii choo, haulizi maji yanatoka siku gani, haulizi jirani ni nani, anatoa kodi ya mwaka mzima mfukoni na anataka ufunguo usiku huohuo. Mpangaji wa kukaa hufungua bomba. Hubonyeza swichi. Huuliza kama simtanki linashiriki na nyumba ya uani, huangalia dari kutafuta alama za maji ya mvua. Asiyeangalia chochote aidha ana haraka ya kukimbia alikotoka, au hatalala humo. Msimu wa korosho hili lina maana yake: nyumba inaweza kugeuzwa ghala la kangomba, yaani korosho zinazonunuliwa kinyemela nje ya mnada. Gunia moja ni kama kilo 80, magunia 50 ni tani nne kwenye sakafu uliyoipigia saruji kwa ajili ya kitanda na kabati. Ukija msako, nyumba ni yako na maelezo yataanzia kwako. Mkataba uandike matumizi kwa maneno mafupi: makazi tu, hakuna kuhifadhi mazao ya biashara, hakuna kupangisha mtu mwingine, hakuna kulaza wageni kwa malipo.

Idadi ya watu nayo iandikwe, na majina yao. Si uchoyo. Chukua simtanki la lita 1,000. Watu wanne wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku, linakaa siku tano. Watu kumi wanalimaliza kwa siku mbili. Shimo la choo lilelile lililochimbwa kwa familia moja linajaa kabla ya muda, gari la maji taka linaitwa, na hapo ndipo ugomvi wa "nani alipe" unapoanza. Mpangaji akiongezewa shemeji na wadogo zake wawili, aje aseme, mkubaliane upya. Mgeni wa wiki mbili si mpangaji, hilo nalo liandikwe, tusije tukawa askari wa kuhesabu viatu mlangoni.

Kabila, dini, dada anayeishi peke yake, mama mwenye watoto bila mume: haya tunaulizwa kila tunapokutana, "mnasemaje?" Tunasema hayapo kwenye fomu yetu. Hayakuambii hela inaingia lini. Ukimkataa muuguzi wa Ligula kwa sababu hajaolewa, ukampa kijana mwenye familia na asiye na kipato, umejichagulia mwenyewe.

Bei nayo huchagua watu, hata kabla hujakutana nao. Nyumba iliyozidi bei ya mtaa hukimbiwa na wenye uwezo wa kuchagua, na anayebaki kuikubali ni yule aliyekataliwa kwingine. Hesabu ni rahisi. Unataka 200,000, mtaa unalipa 180,000. Tofauti kwa mwaka ni 240,000. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili ukisubiri, umepoteza 400,000, na huenda uliyempata mwishoni ndiye wa Juni na njia ya nyuma. Uliza kodi za nyumba tatu zinazofanana na yako kabla ya kutangaza. Uchukue ya katikati.

Mkataba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa muda mfupi hata ukiwa wa mdomo, lakini maneno ya mdomo hayana kopi. Andikeni. Mkataba usiotaja muda huchukuliwa kuwa wa kipindi kinacholipiwa: ukilipwa kwa mwezi, ni wa mwezi kwa mwezi, na notisi yake haipungui mwezi. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, watu wengi huuruka, na siku ya kesi karatasi isiyo na stempu haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe. Andika tarehe ya kulipa, njia ya kulipa, na amana ya mwezi mmoja katika mstari wake peke yake, isichanganywe na kodi. Ikichanganywa, mpangaji atakaa mwezi wa mwisho "akiila" na utakuta sinki limepasuka na huna hela ya fundi.

Siku ya kukabidhi mnatembea pamoja chumba kwa chumba na karatasi mkononi. Vitasa vingapi, funguo ngapi, vioo vizima vingapi, neti za madirisha, feni, soketi, koki, sinki, mfuniko wa choo. Piga picha na mtumie mpangaji palepale, ili tarehe ibaki kwenye simu mbili. Wenzetu wa Shangani na Mikindani, kumbukeni chumvi ya bahari. Nondo za dirisha na feni za huko hushika kutu bila mtu kuzigusa. Andika "ina kutu" siku ya kuingia, usimdai mtu kazi iliyofanywa na upepo.

Mita ya maji: soma namba, iandike, lipa bili yako ya MTUWASA hadi siku ile. Deni la maji hukaa kwenye akaunti, na akaunti ina jina lako. LUKU ina jambo lake dogo linaloharibu uhusiano tangu siku ya kwanza. Kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni 1,500 kwa mwezi, inakatwa mtu anaponunua umeme. Nyumba ikikaa tupu miezi minne bila kununuliwa umeme, makato hayo yanasubiri. Mpangaji wako anaingia, ananunua umeme wa 10,000, 6,000 inaondoka, anapata uniti kiduchu na kuona ameuziwa nyumba yenye deni. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Nunua umeme mwenyewe kabla ya kukabidhi, na kwenye mkataba sema 1,500 ya kila mwezi mpangaji ataikata kwenye kodi. Ni 18,000 kwa mwaka. Kwa hela hiyo unanunua heshima ambayo huwezi kuipata kwa maneno.

Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walishasema. Kodi ipokelewe benki au kwa simu, na hata ikija mkononi itoke risiti yenye tarehe na miezi inayolipiwa. Usiandike "kodi 300,000". Andika "kodi ya Machi, Aprili na Mei".

Tunaona nyuso za wanaojiuliza: sawa, lakini wangu ameshaingia na ananidai uvumilivu tangu mwaka jana. Kwanza, usifunge mlango kwa kufuli, usikate umeme, usiezue bati, usitoe vyombo nje. Kesi uliyokuwa unashinda utaishindwa kwa kitendo hicho kimoja. Kaa naye uulize lile swali la kalenda, huenda mkataba ndiyo mbovu. Mkikubaliana tarehe mpya za kulipa, ziandikwe na zisainiwe mbele ya mjumbe. Akizivunja, toa notisi ya maandishi, baki na kopi iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Akikaidi, mgogoro unapitia kwanza usuluhishi wa Baraza la Kata, na usiposuluhishwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mbele wataomba mambo mawili, mkataba na kumbukumbu za malipo.

Fomu tunayoitumia ipo pale mezani karibu na mlango, karatasi moja, pande mbili. Upande wa mbele una jina, namba ya NIDA, simu mbili, watu watakaoishi, wenye nyumba wawili waliotangulia, na mistari kumi na miwili ya miezi, kila mmoja na nafasi ya kuandika kiasi kinachoingia. Upande wa nyuma ni orodha ya makabidhiano. Chukueni mbilimbili, moja ya kujaza na moja ya kutolea kopi. Maswali tutayapokea baada ya chai.